Sekunde Hamsini na Mbili

Leo Shaaban ishirini, na jedwali langu lina mapengo
kama kinywa cha mtoto wa darasa la kwanza.
Saa mbili usiku: tupu.
Saa tatu: tupu.
Saa nne nimeandika "tutaona", kwa penseli.

Waandishi wameweka kalamu chini tangu Rajabu.
Hawakupiga kelele. Walikuja Al-Khuwair asubuhi moja,
wakarudisha kadi za mlangoni,
wakaagana na mlinzi, basi.
Hata kahawa waliimaliza kwanza.

Tamthilia ya Ramadhani ina sehemu kumi na moja kati ya thelathini.
Katika ya kumi na moja bibi harusi amesimama ngazini,
barua mkononi, haijafunguliwa.
Mwigizaji mwenyewe amenipigia simu kuniuliza imeandikwa nini,
aniulize mimi,
ninayejua tu kwamba inakwisha saa tatu kasoro dakika nne.

Bwana Harib anasema: jaza.
Televisheni, anasema, ni falaji;
watu hawaulizi maji yametoka wapi,
wanauliza mbona yamekatika.

Nikaweka mnada wa mbuzi wa Nizwa, saa nzima bila maelezo.
Wanaume wanazunguka na kamba, bei zinapaa,
mbuzi mmoja anaikodolea kamera macho kama anatudai.
Nikaweka mbio za ngamia za mwaka juzi,
mshindi wanamjua hata watoto.
Nikaweka Waturuki waliotiwa sauti za Kisham:
mdomo umeshafunga, neno bado linakwenda.
Nguo ya kuazima, inabana kwapani.
Mpishi tukamwongezea dakika sitini.
Bila mtu wa kumwandikia, alikaanga vitunguu kimya,
kisha akaanza kumsema shemeji yake.
Wiki hii hakuna kilichotazamwa zaidi ya hicho.

Na viporo. Viporo vya viporo.
Mama yangu, huko Mawaleh, anatazama tamthilia ya mwaka niliozaliwa
na anayasema maneno kabla ya wenyewe,
kwa Kiswahili, maana kwake kila kitu kikikaa sana hugeuka Kiswahili.
"Sasa atamwambia, nyumba hii si yako."
Na yule kwenye kioo anasema, kwa Kiarabu, nyumba hii si yako.
"Aliyeyaandika haya," mama akauliza,
"mkirudia, mnampa chochote?"
Nikamwongezea chai.

Aliyeyaandika ni Shinuna binti Mbarak.
Nilimkuta Alhamisi kwenye foleni ya mkate, Ruwi,
buibui lake lina unga begani.
"Umeniweka saa ngapi?"
"Saa tatu na robo."
"Malipo yake yalinunua friji," akasema.
"Friji limeshakufa. Sehemu ya saba bado inafanya kazi."
Akachukua mikate yake mitano, akaenda.

Usiku ule sehemu ya saba iliwahi kwisha.
Matangazo yalikuwa haba; nani alipie kiporo?
Zikabaki sekunde hamsini na mbili,
nyeusi, mbele yetu.

Siku zote majina ya mwisho tunayabana pembeni,
yanapita mbio kama wezi
ili sabuni ipate nafasi.
Biju, mtu wa Kerala, kidole juu ya kitufe, akanigeukia.
"Nitie nini?"
Yaache, nikasema. Yapande polepole.

Yakapanda: wa taa, wa nguo, dereva,
kijana aliyeshika kamba ya ngamia.
Mwisho, lake, peke yake,
na nukta zote tatu juu ya shini.
Likakaa sekunde kumi na tisa.
Biju alizihesabu kwa Kimalayalam, midomo tu.

Asubuhi Bwana Harib akataka kujua ni nini kile.
Nikamfungulia jedwali.
Palikuwa na pengo, nikasema.
Nilijaza.